Mche Ambao Mama Alikataa Kuupanda

Nilikwenda Kajiado kwa sababu baba alikosa nafasi ya kwenda. Rafiki zangu niliwaambia kwamba naenda kufanya utafiti, kwani mtu aliyehitimu chuo kikuu hapendi kusema ametumwa na babake. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na shahada ya sosholojia na sikuwa na kazi, na nilikuwa nimerudi kukaa na wazazi katika nyumba ya kupanga Noonkopir, Kitengela.

Mdogo wangu Ayuma, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa amejiunga na mradi wa vijana uliofundisha utunzaji wa misitu na maisha ya porini. Mradi huo haukuandikisha kijana peke yake, uliandikisha familia. Kila Jumamosi vijana walijifunza kuotesha mbegu, kupogoa matawi, kufunga kamba na kusoma ramani, kisha wakirudi nyumbani walitakiwa kumfundisha mzazi. Likizo ya Agosti familia zote zilipiga kambi Kajiado, na siku ya mwisho kila familia ilipanda mti mmoja. Anayetia mche shimoni lazima awe mzazi. Kijana ambaye familia yake haikupanda alihesabiwa kuwa hajamaliza, na asiyemaliza hakuendelea na mafunzo ya msitu wa Ngong. Mafunzo hayo ya Ngong, Ayuma alikuwa akiyazungumzia tangu Januari, hata akiwa anaosha vyombo.

Mimi nilikuwa na mashaka na kila mradi unaogawa fulana. Lakini baba, aliyekuwa karani wa stoo katika kiwanda cha saruji upande wa Athi River, hakupata mtu wa kubadilishana naye zamu. Tena mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka kazini kwa presha na kulazwa hospitali, na tangu siku hiyo mama hakumruhusu hata kubeba mtungi wa maji.

"Nenda wewe," baba aliniambia. "Si uko na maswali mengi? Kawaulize."

Jumatatu asubuhi tuliondoka Noonkopir kwa lori la mradi, mama, Ayuma na mimi, pamoja na familia nyingine za mtaa. Baridi ya Agosti ilikuwa imeshuka hadi kwenye magoti. Mama alikuwa amebeba sufuria mbili, unga, omena na blanketi la baba, ambalo baba mwenyewe alikuwa amelisukuma ndani ya gunia. Kando yetu alikaa Mama Halima, mfanyabiashara wa mbuzi aliyetoka Wajir na kuhamia Kitengela, na mwanawe wa kike aliyekuwa darasa moja na Ayuma. Mama Halima alizungumza na kila mtu kana kwamba anampigia bei.

"Huyu msichana wako mkubwa ameolewa?" alimuuliza mama.

"Bado. Anasoma."

"Si umesema amemaliza?"

"Amemaliza, lakini bado anasoma," mama alisema, na lori zima likacheka. Nami nikacheka.

Tulipopita Isinya jua lilianza kung'aa juu ya nyumba za plastiki za maua. Baada ya hapo nchi ikafunguka: nyasi kavu, migunga iliyotawanyika, na mbali sana ng'ombe walioonekana kama mawe mpaka waliposogea. Mama alitazama nje kwa muda mrefu, kisha akaniuliza watu wa huku wanajuaje shamba la mtu linaishia wapi. Kwetu Maragoli, ambako kila kipande cha ardhi kimezungukwa na mstari wa miti, swali hilo halina haja ya kuulizwa.

Mjini Kajiado tulisimama kunywa chai. Hapo ndipo alipopanda Mwalimu Parsimei, mkuu wa mafunzo, mwanamume mrefu wa makamo mwenye sauti ya chini. Sikumpa nafasi ya kumaliza mandazi yake. Nilimuuliza kwa nini lazima mzazi ndiye apande, wakati anayejifunza ni mtoto.

"Kwa sababu mtoto hana pa kupanda," alisema. "Nimefundisha watoto peke yao zamani. Anarudi nyumbani na mche, baba anauliza, huu utauweka wapi? Mche unakaukia kwenye mkebe."

"Na sisi tunaopanga? Hata baba hana pa kuuweka."

"Nyinyi wote mnapanga. Ndiyo maana nawaleta huku."

"Huku ni kwa nani?"

"Kwa mama mmoja. Mtamwona."

Tuliiacha lami kabla ya Bissil na kufuata njia ya vumbi hadi chini ya kilima kirefu chenye miamba. Kambi yetu ilikuwa karibu na boma la mama huyo, ambaye wote walimwita Ngoto Lemayian, yaani mama yake Lemayian. Kwenye lori Mwalimu alikuwa ametufundisha kuitikia salamu. Ngoto Lemayian alikuja akifuta mikono kwenye shuka, akamsalimia mama, "Takwenya," naye mama akajibu "Iko" kwa sauti ya mtu anayejibu swali la mtihani. Ngoto Lemayian alifurahi sana. Alizungumza Kiswahili kifupi kisicho na mapambo.

Mchana huohuo, tukiwa tunasimamisha mahema, mama alinivuta mkono. Ngoto Lemayian alikuwa juu ya paa la nyumba yake, amechuchumaa, anaziba nyufa kwa kinyesi cha ng'ombe.

"Kageha, huyu mama yuko juu ya nyumba."

"Naona."

"Na mzee wake yuko pale. Amekaa tu."

Kwetu mwanamke hakanyagi paa. Kukandika kuta, sawa. Paa ni la mwanamume, na mke akionekana juu yake, ukoo mzima utaitwa. Mama alisogea hadi chini ya ukuta, akaita kwa adabu, kwa neno la Kimaa la kumwita mama.

"Yeyo, nyumba ni nani alijenga?"

"Mimi."

"Yote?"

"Yote. Ile nyingine pia."

"Na mzee?"

Ngoto Lemayian alimtazama mumewe, aliyekuwa kivulini akichonga fimbo. "Huyu? Nikimleta hapa ataanguka."

"Na wewe ukikaa huko juu, yeye hapatwi na kitu?"

"Anazeeka tu," alisema Ngoto Lemayian, akaomba apewe ndoo. Mama alimpa. Kabla jua halijazama alikuwa ameingiza mikono yake mwenyewe kwenye mchanganyiko ule na kukandika ukuta wa upande wa chini, akieleza jinsi ya kuongeza majivu. Paa hakuligusa.

Siku zilizofuata zilikwenda taratibu. Asubuhi tulitembea na vijana kwenye mto wa mchanga, wakituonyesha nyayo za dikdiki na za fisi. Tulijifunza kukata matawi ya oltepesi, mgunga wenye kivuli kipana, ili mbuzi wale bila mti kufa. Unakata tawi kwa mshazari, unaacha kilele. Vijana ndio waliofundisha na wazazi wakarudia. Ayuma alikuwa mwalimu mkali. Siku ya somo la moto mama alikasirika kwelikweli.

"Wewe unifundishe mimi kuwasha moto? Nimepika kabla hujazaliwa."

"Mum, si kuwasha. Huo wako unakula kuni zote. Punguza."

"Ugali itaiva na moto wa kiberiti?"

Uliiva. Mama alionja, akasema una chumvi kidogo, ingawa ugali hautiwi chumvi. Ayuma alicheka mpaka akakaa chini. Nilimtazama, nikaona kwamba mtoto huyu, ambaye shuleni walimu waliandika kila muhula kuwa ni mzito, hapa hakuwa mzito hata kidogo. Alijua majina ya miti kwa Kimaa na kwa Kiswahili. Watoto wa wenzetu walimfuata wakimuuliza mambo. Maswali yangu kuhusu mradi yalikuwa bado mengi, lakini kwa Ayuma sikuwa na swali.

Jumatano tulichimba mashimo kwenye mteremko ulio juu ya zizi la ndama, mahali Ngoto Lemayian mwenyewe alipotuonyesha, familia moja shimo moja. Mama alichimba kuliko sote. Aliufanya ukingo wa shimo kuwa laini kama wa chungu, akachanganya udongo wa juu na mbolea, akaondoa kila jiwe. Kisha Mwalimu Parsimei akagawa miche. Wetu ulikuwa wa oloirien, mzeituni wa mwituni, wenye majani membamba na urefu wa kiganja na nusu. Alituonyesha jinsi mzazi atakavyoutia siku ya mwisho, na watoto watakavyorudishia udongo.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, wazazi wakiwa wamekaa kuzunguka jiko, mama alimwambia Ayuma polepole, kama mtu anayetaja kitu kilichosahaulika nyumbani, "Kesho mimi sitapanda ule mti."

Ayuma alidhani ni mzaha. "Si umechimba shimo?"

"Kuchimba nimechimba."

"Sasa?"

"Kupanda sitapanda. Unajua."

Ayuma hakujua, maana amekulia Kitengela. Mimi nilijua vizuri. Kwetu mke hapandi mti. Mti ni alama ya mwenye ardhi, na husemwa kwamba mwanamke akiupanda mume angali hai, ni kama anamtakia kifo. Nilikuwa nimeandika insha kuhusu jambo hilo chuoni na kupata alama nzuri. Basi nikaitoa insha ile pale jikoni, mbele ya watu. Nilisema desturi hiyo ilitungwa na wanaume ili ardhi isiponyoke mikononi mwao, kwamba hofu ya kifo ni kufuli tu, na kwamba mwanamke anayechimba, anayebeba mbolea na kuchota maji amekwisha kupanda tayari, imebaki jina.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa akichambua dengu na hakuacha.

"Mama Kageha," Mama Halima akasema, "mtu mkubwa kama wewe unaogopa mti mdogo hivi? Hata mbuzi wangu hauogopi."

Watu walicheka. Mama naye alitabasamu. "Ndiyo, mimi ni muoga," alisema. "Nyumbani hata panya namwita mtu aniulie." Wakacheka zaidi. Ayuma aliondoka akaenda kukaa kando ya shimo letu.

Saa kumi hivi nilimwambia mama kwamba mambo ni rahisi: tumpigie baba. Baba alisoma gazeti kila siku, alisikiliza taarifa ya habari kwa redio mbili tofauti ili kulinganisha, na ndiye aliyenifundisha kubishana. Nilikuwa na hakika atacheka na kusema pandeni. Mama alisema haina haja. Nilisisitiza. Simu ilishika mtandao juu ya kilima tu, basi tukapanda kilima, mama akishika miamba kwa mkono mmoja na sketi kwa mwingine. Kutoka juu uliona boma, mahema yetu, mstari wa mto usio na maji, na mbali sana barabara ya Namanga.

Baba alishika simu mara ya kwanza. Nilimweleza yote, nikiongeza na mzaha wa Mama Halima. Nikangoja acheke.

"Mwambie mama yako aache," alisema.

"Aache nini?"

"Asipande."

"Baba, wewe? Wewe unaamini hayo?"

"Sijasema naamini."

"Sasa kwa nini? Ayuma hatamaliza. Unajua Ngong ni..."

"Kageha," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Mimi nililala kwa ile wodi. Kitanda ya hapa mtu alikufa, ya hapa mtu alikufa. Wewe ulikuwa unakuja saa ya kuona wagonjwa na unaenda. Mwambie mama yako aache."

Mama alinyoosha mkono nikampa simu. "Baba Kageha, nimesikia," alisema. "Hapana, hakuna shida. Umekula? Ukipasha sukuma, weka maji kidogo. Na dawa? Sawa. Sawa." Akanirudishia simu na kukaa juu ya jiwe.

"Ulijua atakataa," nilisema.

"Nimekaa naye miaka mingapi?"

"Basi wewe mwenyewe huogopi."

"Mimi? Mimi ningepanda hata msitu."

"Mbona hukusema? Umeniacha nikufundishe mbele ya watu. Umewaacha wakucheke."

Mama alinitazama kama anayeshangaa nilijifunza nini huko chuoni. "Ungetaka niseme nini? Niseme mbele ya Mama Halima kwamba mume wangu anaogopa mti?"

Akakunja sketi na kuanza kushuka, nami nikamfuata.

Ijumaa asubuhi familia zilipanda. Mama Halima aliutia mche wake huku akiusifia kama anauuza. Ilipofika zamu yetu mama alimwambia Mwalimu Parsimei kwamba sisi hatutapanda. Nilimuuliza Mwalimu kama naweza kupanda mimi, kwa kuwa ni mtu mzima na nimekuja kwa niaba ya baba. Alisema sheria ni mzazi. Nilimuuliza kama sheria haina mlango.

"Nikifungua kwa mmoja, mwaka ujao wazazi watawatuma mayaya," alisema. "Lakini niambie sababu. Ikiwa ni ya nguvu, nitaisikiliza."

Nilikuwa na sababu, na ilikuwa ya nguvu. Ingetosha kuisema kwa maneno machache. Mama alikuwa amesimama pale akitazama miguu yake, na Ayuma alikuwa akinitazama mimi, kwa sababu siku zote mimi ndiye mwenye la kusema.

"Hatuna sababu," nilisema.

Ayuma aliokota mche na kwenda nao kwenye lori. Ngoto Lemayian alipoona shimo limebaki wazi, alikata matawi ya miiba akalifunika, ndama wasije wakavunjika miguu. Alimuuliza mama kama amefanya kosa lolote kama mwenyeji. Mama alisema hapana, yeyo, ni mambo ya nyumbani tu, na wakashikana mikono kwa muda mrefu.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, Kajiado, Isinya, Kitengela, ila vumbi lilikuwa limezidi. Ayuma alikaa na mche magotini na hakunywa chai. Mimi nilitazama nje nikifikiria insha yangu. Bado nilidhani ilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kwamba sikuuliza hofu ni ya nani. Nilimpa yule aliyekuwa karibu, tena mwanamke, tena asiyesoma sana, nikasonga mbele. Na baba, ambaye hofu ilikuwa yake, nilikuwa nimempitisha bila mtihani kwa sababu ya magazeti.

Jioni baba alirudi kutoka kazini na kumkuta Ayuma mezani. Alimsalimia, akaitikiwa. Ayuma alikula akaondoa sahani yake, akaiosha, akalala. Hakununa wala hakulia. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Mche ulikaa nje ya mlango, mahali ambapo baba alivalia viatu kila asubuhi, na hakuna aliyeutaja. Nilitaka kuutaja mara nyingi. Mama alinitazama kila mara, nikameza.

Jumamosi ya wiki iliyofuata niliamka nikamkuta baba sebuleni amevaa koti, jembe limefungwa kwa gunia.

"Unaenda wapi?" mama alimuuliza.

"Si mlisema kuna shimo?"

"Kageha atakupeleka, basi."

"Twende wote. Huyu mtoto ameninyamazia mpaka chakula imekosa ladha."

Tulikwenda kwa basi hadi Kajiado, baba amekumbatia jembe, Ayuma amekumbatia mche. Mwalimu Parsimei, niliyempigia simu njiani, alitupokea kwa pikapu yake. Alisema tu kwamba orodha ya waliomaliza bado haijafungwa. Bomani Ngoto Lemayian alimsalimia baba, kisha akalitazama gunia.

"Umetoa jembe Kitengela? Huku tuko nayo."

"Hii nimeizoea," baba alisema.

Tulikwenda polepole hadi kwenye mteremko. Shimo lilikuwa kama tulivyoliacha chini ya miiba. Baba alipiga magoti, akapumua, akaanza kuuvuta mche kutoka kwenye plastiki.

"Baba, usivute," Ayuma alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu kwa siku nyingi. "Kata chini kwanza. Hivyo. Sasa pasua ubavu."

Alifanya alivyoambiwa. Akauweka mche shimoni, ukalala upande. Akauinua, ukalala upande wa pili. Hakuweza kuushika na kurudishia udongo kwa wakati mmoja, na pumzi yake ilikuwa imeanza kusikika.

"Mama Kageha," alisema bila kugeuka. "Shika hapa."

Mama hakusogea. "Unaniambia mimi nishike?"

"Nimesema shika."

"Huo mti?"

"Kwani kuna kitu ingine hapa?"

Mama alimtazama kisogoni kwa muda. Kisha akakunja sketi, akachuchumaa upande wa pili wa shimo, akaushika mche kwa vidole viwili, na baadaye kwa mkono wote. Baba alirudishia udongo kwa viganja, taratibu, konzi baada ya konzi, hadi ukaufikia mkono wa mama. Ayuma aliwaelekeza mahali pa kukandamiza. Wakakandamiza wote wawili. Mama alichelewa kuuachilia, na baba hakumwambia auachilie.

Mwalimu Parsimei alimwambia Ayuma kwamba safari ya Ngong itakuwa Desemba, aje na viatu vizito. Kisha akanigeukia na kusubiri, kwa sababu alikuwa amenizoea. Kwa kweli nilikuwa na swali: kwa mujibu wa sheria yake, na kwa mujibu wa kwetu, ni nani aliyeupanda mti ule? Nilimwangalia baba, aliyekuwa bado amepiga magoti, anafuta udongo kwenye vidole vya mama kwa pindo la koti lake.

Nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji ya kuumwagilia.